BOTI NDOGO YA PLASTIKI: IACHENI IBAKI NDOGO



Ndugu zangu wasomaji, kina baba, kina mama, na nyinyi wanafunzi mnaosubiri likizo, leo nataka tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho wengi wanakitamani na wachache wanakielewa. Nacho ni ile boti ndogo ya plastiki ya kuvulia, ya futi kumi hivi, yenye viti viwili.

Ndugu aliyeko Canada au Marekani anaiona dukani kule, imesimamishwa ukutani kama meza. Anauliza nyumbani: "Niwaletee?" Nyumbani wote wanasema: "Leta!" Hakuna anayeuliza inabeba kilo ngapi, itafungwa wapi, itakaa kivulini au juani, na nani ataamua siku ipi isitoke. Maswali hayo huja baadaye, wakati mwingine baada ya msiba.

Nasema msimamo wangu mapema ili msinitafute. Boti hii inaweza kuwa kheri kwa familia. Haihitaji mti kukatwa, haiozi, haitobolewi na fukusi, na watu wawili wanaibeba. Lakini ni kheri ikiachwa ndogo. Hatari huanza pale tunapoilazimisha iwe kubwa: tunapoiongezea mashine, kiti, betri, mtu wa tatu na wa nne, mpaka ile boti aliyoiunda mwenyewe kiwandani inakuwa imekwisha na tunayo boti nyingine ambayo hakuna aliyeipima.

CHOMBO CHENYEWE NI NINI?

Boti hizi nyingi zinaundwa kwa plastiki iitwayo poliethilini, jamaa wa ile ya madumu na matangi ya maji. Baadhi hutengenezwa kwa unga wa plastiki unaotiwa ndani ya kalibu kubwa ya chuma, kalibu ikazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga unayeyuka na kushika pande zote. Nyingine hutokana na mabamba yaliyopashwa moto na kuvutwa kwenye kalibu. Mara nyingi hupatikana ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati kuna hewa au povu gumu. Hiyo hewa na hilo povu ndilo linaloibeba boti.

Kwa hiyo msiifananishe na boti ya faiba. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi, ikivunjika fundi anaiziba kwa gundi ile ile. Poliethilini haishikani na gundi hiyo, na rangi ya kawaida ikipakwa juu yake hubanduka kama magamba. Ikipasuka, inachomelewa kwa moto na ufito wa plastiki ya aina hiyo hiyo, na mchomeleaji awe anaijua kazi.

Pia msidhani ya kwamba plastiki ni kitu kisichoingia katika ufundi wetu. Kule Lamu, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la mita 9 kwa takataka za plastiki, tani kama 10, na wakalifunika kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mwaka 2021 mradi huo ukafika Ziwa Victoria. Mafundi wale waliitazama plastiki kwanza, wakajua inavyopinda na inavyokubali msumeno, ndipo wakajenga. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kuijua kabla ya kuigusa.

TUFANYE HESABU

Ndani ya boti ya namna hii huwa kuna kibandiko kinachosema uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba. Wengi wetu hatukisomi, na wengine hukibandua kwa sababu kinaharibu sura. Tuchukue mfano wa boti iliyoandikiwa kilo 225.

Watu wawili wazima, kila mmoja kilo 75: hizo ni 150.
Betri moja kubwa ya volti 12, kilo 28: tumefika 178.
Mota ndogo ya umeme, kilo 12: 190.
Nyavu, nanga, kamba, maji ya kunywa na chakula, kilo 20: 210.

Zimebaki kilo 15. Hizo ndizo za samaki! Mkipata zaidi ya hapo mnarudi nyumbani mkiwa mmevuka mpaka, na hiyo ni kabla mawimbi hayajatia maji ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo moja ya lita 20 ikiingia, hesabu yote imeharibika, tena maji hayakai mahali pamoja kama gunia. Yanakimbilia upande ulioinama na kuuzidi kuuinamisha.

Ndiyo maana nikisikia kijana anasema "itabeba, mbona jana tulikuwa wanne", mwili unanisisimka. Jana ziwa lilikuwa kimya.

Tusijifanye hatuna kumbukumbu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, waliokufa walizidi 220. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ilizama upande wa Uganda, Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024 ikawa zamu ya Ziwa Kivu, boti ikapinduka ikiwa karibu kabisa na Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa ndiyo maana vikatangazwa. Mtumbwi wa watu wawili ukizama hautangazwi. Unajulikana nyumba moja tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake.

KUIREKEBISHA: NINI KIFANYWE, NINI KIACHWE

Sisemi isiguswe kabisa. Boti ya kuvulia lazima iendane na mvuvi wake. Lakini yako marekebisho ya kusaidia na yako ya kuua.

1. Matundu. Kila tundu ni mlango wa maji. Ukitoboa ngozi ya ndani ili ufunge kishikio cha ndoano, maji yanaweza kuingia katikati ya ngozi mbili na kukaa humo usiyaone. Boti inakuwa nzito siku hadi siku, nawe unadhani umechoka. Toboa pale tu penye haja, juu ya mstari wa maji, na kamwe usitoboe chini.

2. Skrubu. Plastiki hii ni laini, skrubu ya mbao huingia upesi na kuchomoka upesi. Tumia bolti na nati ya chuma kisichoshika kutu, na washa pana pande zote mbili ili nguvu isambae, pamoja na mpira wa kuzuia maji. Halafu tundu liwe na nafasi kidogo. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Boti ya mita tatu, kati ya ubaridi wa alfajiri na jua la adhuhuri, inaweza kurefuka kama sentimita moja. Ukiibana pande zote kwa chuma, kitakachopasuka ni plastiki.

3. Kiti cha juu na jukwaa la kusimamia. Hapa vijana ndipo mnaponikasirikia. Mnataka kusimama mrushe wavu vizuri. Lakini kila sentimita unayoupandisha uzito wako, boti inakuwa nyepesi kupinduka. Chombo hiki kimepimwa kwa watu waliokaa. Anayetaka kusimama atafute chombo kipana zaidi.

4. Mashine. Mashine ndogo ya petroli ya nguvu mbili na nusu ina uzito wa kilo 17 hivi. Ya nguvu 15 inakaribia kilo 50 kwa nyingi za siku hizi, na uzito wote huo unaning'inia tezini, kule ambako na dereva naye amekaa. Omo inanyanyuka, tezi inazama, wimbi la nyuma linaingia. Kama kibandiko kinasema mota ya umeme tu, basi ni mota ya umeme tu. Mpasuko wa ubao wa tezi hautokei gatini.

5. Betri. Mota inayovuta ampea 30 kwa kasi yote itamaliza nusu ya betri ya ampea 100 kwa muda wa saa moja na dakika 40, na betri za kawaida za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo ukienda dakika 50 umeshafika mwisho wa safari yako, anza kurudi. Na upepo wa kurudi ukiwa wa mbele, hata hizo ni nyingi. Kasia mbili ziwemo daima, hata kama mnazionea aibu.

Marekebisho ninayoyapenda hayana gharama kubwa. Kamba ya kushika iliyozungushwa pembeni mwote. Povu gumu la ziada lililofungwa chini ya viti, ili boti ikijaa maji isizame. Ndoo ya kukumbia maji iliyofungwa kwa kamba, maana ndoo isiyofungwa ndiyo ya kwanza kuondoka. Tochi. Filimbi. Na jaketi okozi kwa kila mtu. Mtu wa tatu asiye na jaketi si abiria, abaki ufukweni.

Wazazi, nawaomba mshike jambo hili: fedha ya jaketi itoke kabla ya fedha ya mota. Jaketi la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima humvuka kichwani akitumbukia.

KUISAFIRISHA

Wengi huogopa ziwa tu na kuisahau barabara. Boti nyepesi juu ya gari ni bawa. Upepo ukiingia chini ya omo unainyanyua, na kamba ya katani iliyochakaa haiwezi kuuzuia.

Ikiwekwa juu ya kichanja cha gari, ilale kifudifudi. Ifungwe kwa mikanda miwili mipana inayopita juu ya mwili wake, na kamba nyingine kutoka omo hadi mbele ya gari na kutoka tezi hadi nyuma. Ikiwekwa kwenye pikapu na kutokeza nyuma, itiwe kitambaa chekundu mchana na taa usiku. Mkishaenda kilomita chache simameni mkague, kwani mikanda hulegea. Mashine na betri zishushwe, zisafiri peke yake. Na mtoto asipandishwe ndani ya boti iliyo juu ya gari "ili aishikilie". Mtoto hawezi kuishikilia. Itaondoka naye.

Wala msiibane kupita kiasi ikaachwa juani siku tatu. Plastiki ikipashwa joto huku imebanwa hupata bonde, na bonde chini ya boti huiharibu mwendo. Nyumbani iwekwe kivulini, kifudifudi, juu ya mbao mbili au matairi. Jua ndilo fukusi wa plastiki. Likiipiga miaka, rangi hufifia, uso ukawa kama umepakwa chaki, kisha siku moja unaigonga gatini na inapasuka kama kigae. Na kuiburuta kwenye kokoto ni kuila kidogo kidogo. Ibebwe, au itiwe magurudumu mawili ya mkokoteni.

Kuna jambo jingine la kusafirisha ambalo linatugusa sote, tuwe Uganda, Burundi, Congo, Rwanda, Kenya au Tanzania. Boti hii kwa wepesi wake inaweza kuwa Ziwa Victoria Jumamosi na Ziwa Tanganyika wiki inayofuata. Sasa kumbukeni magugu maji. Ziwa Victoria halikuwa na mmea ule asili yake, ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Lilipofika miaka ya tisini, gugu lilikuwa limeziba magati, limekwamisha mitumbwi na kuwanyima watu kitoweo. Kipande kidogo chenye mzizi, kilichonasa kwenye nanga au wavu, kinatosha kuanzisha shamba jipya. Basi kabla ya kuihamisha boti kutoka maji haya hadi maji yale, mambo matatu: ioshwe, imwagwe maji yote, ikauke kabisa. Nyavu vivyo hivyo. Ziwa la jirani ni amana kama kisima cha jirani.

NANI MWENYE BOTI?

Boti ya familia bila makubaliano ni ugomvi unaoelea. Ndugu watatu wamechanga, mmoja ndiye anayevua, mwingine ndiye aliyeilipia meli, wa tatu alitoa kiwanja cha kuihifadhia. Samaki wakipatikana kila mtu anakumbuka mchango wake. Mota ikiungua hakuna anayekumbuka. Tumefundishwa kuandikiana tunapokopeshana, na sioni kwa nini ushirika wa boti usiandikwe: nani ametoa nini, mapato yagawanywe vipi, fungu gani liwekwe kwa matengenezo, na nani mwenye kauli ya mwisho siku ya upepo.

Mkope kwa tahadhari pia. Ukiachilia mbali suala la riba ambalo kila mmoja wetu analijua, deni la kila mwezi halijui msimu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jambo zuri, lakini mwenye deni la boti alikaa miezi mitatu mikono mitupu. Na nchini Uganda, jeshi lilipoingizwa ziwani mwaka 2017 kusimamia sheria za uvuvi, boti nyingi zilizopungua futi 28 zilikamatwa na kuchomwa moto. Sasa fikiria umeagiza ya futi 10 kutoka ng'ambo, umelipia ushuru, na mahali pako hairuhusiwi kuvua! Nendeni kwa afisa uvuvi kabla ya kwenda dukani. Ulizeni leseni, urefu, aina ya nyavu na usajili. Pengine chombo hiki mtakiruhusiwa katika bwawa au mto na si katika ziwa kubwa. Na kwa kweli huko kwenye maji matulivu ndiko kwao, si kule usipoona nchi kavu.

"AJALI HAINA KINGA"

Kila nikiyasema haya hutokea mtu akaniambia: "Shekhe, ajali haina kinga, aliyeandikiwa ameandikiwa." Wengine husema jaketi ni joto, linabana mikono, na babu zetu walivua bila hayo.

Babu zetu walivua kwa vyombo walivyovijua tangu utotoni, na wakazama vilevile. Makaburi yao wengine hatuyajui yalipo kwa kuwa hawakupatikana. Ama ile ya kuandikiwa, sote tunakumbuka mafundisho juu ya mtu na ngamia wake, kwamba afungwe kwanza ndipo kutawakali kufuate. Mbona nanga tunaifunga? Mbona mlango wa nyumba tunautia komeo? Iweje tuikumbuke qadar pale tu inapotakiwa fedha ya jaketi?

Joto ni kweli, silikatai. Jaketi jepesi la povu, lililoachwa wazi mabegani, linavumilika, na mikono inabaki huru kuvuta wavu. Hata hivyo joto la mchana mmoja si sawa na eda ya mke na watoto wanaotolewa shule.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Familia inayomiliki boti iwe na kanuni moja ambayo haivunjwi na mtu yeyote, awe baba au kaka mkubwa: jaketi likikosekana, boti haitoki. Uzito ukizidi, boti haitoki. Na aliyebaki nyumbani, mama, mke au dada, awe na haki ya kuuliza "mko wangapi, mnarudi saa ngapi?" na ajibiwe kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwenda ufukweni jioni ikiwa hamjarudi.

Na nyinyi wanafunzi mnaopenda ufundi, hapa pana kazi yenu. Jifunzeni kuichomelea plastiki, jifunzeni kupiga hesabu ya uzito na betri, waandikieni wazee wenu kile kibandiko cha kilo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mkibandike pale ambapo kila anayepanda atakiona. Kazi hiyo ni ya saa moja, na huenda ikawa ndiyo sadaka yenu kubwa mwaka huu.

Allaah Awajaalie wavuvi wetu riziki ya halali na Awarudishe salama kila jioni.

Wabillaahi tawfiq.